Maji Chini ya Mstari Mwekundu

Nikianza kuwataja, wa kwanza ni yule aliyeandika onyo kwa Kizungu na kulipigilia misumari kwenye mlango wa mabati, hapo nje kidogo ya Kitale, mahali ambapo wanaopita ni wabeba maji, wapalilia mahindi na mama mkwe wangu. Juu ya maandishi kulikuwa na alama ya hatari, mapanga matatu, nyeusi kwenye manjano. Mama mkwe hakuwahi kukaa darasani. Aliona feni. Kwake ndani ya kibanda kile kulikuwa na mashine ya upepo, na feni haijawahi kumkataza mtu maji.

Wa pili ni mwenye ghala. Ghala lilikuwa la mahindi. Nusu, yaani kile kibanda, aliwakodisha watu wa chuo, nusu akaendelea kupanga magunia yake. Kiangazi kilipokausha bomba alifunga tangi lake kwa mnyororo, akaenda zake Kachibora kutafuta mahindi, ufunguo mfukoni. Watu wa nyumba za kupanga za ploti ya nyuma walibaki wanatazama lile tangi kama watu wanaotazama ng'ombe wa jirani.

Wa tatu ni Daktari. Tulimwita hivyo lakini hakuwa wa sindano. Alikuwa mwalimu wa chuo, mtu mwembamba aliyekula karanga kila alipofikiri. Huyu nitamsema polepole kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ni rahisi kumsema.

Mke wangu naye ana hesabu yake ya wenye makosa, na ndani yake kuna mtu mmoja tu.

Ilikuwa ile miaka ambayo bodaboda bado ni baiskeli, na mwenye simu ya mkononi anaivaa kiunoni ili ionekane. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo nitaieleza kazi kama nilivyoelezwa. Kuna chuma kizito kinaitwa tungsteni. Ule uzi unaowaka ndani ya balbu ndio huo huo. Daktari alikuwa na kipande chake cha duara, kidogo kama sarafu, lakini ukiwekewa kiganjani unadhani mtu amekuvuta mkono. Alitaka kupima chuma hicho kinashika nyutroni kwa urahisi gani.

"Na nyutroni ni nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Umewahi kufukuza kuku wa kuchinjia wageni?"

"Daktari, mimi ni wa Bungoma."

"Haya. Asubuhi kuku akiwa na nguvu, unamshika?"

"Unamkimbiza mpaka kwa jirani, na jirani anakucheka."

"Na akishachoka?"

"Akichoka hata mtoto anamshika."

"Basi nyutroni ndio hao kuku." Alinionyesha kidude cha chuma, kinene kama kidole gumba, kimelala ndani ya sanduku lake. "Zinatoka hapa zikiwa na mbio za asubuhi. Zinapita bati, zinapita ukuta, zinakupita wewe. Maji ndiyo yanazichosha. Zikichoka, ndipo tunaona huyu mzito ni mshikaji wa aina gani."

Pipa la maji hayo zamani lilikuwa la mafuta, nililiosha mwenyewe kwa mchanga na sabuni. Katikati yake Daktari alisimamisha bomba la plastiki, na kile kidude kikakaa ndani ya bomba, ndani ya maji. Kando palikuwa na bomba lingine jembamba. Hapo tulishusha kwa uzi wa ndoano kikopo kidogo chenye kipande cha tungsteni na jani la dhahabu, bega kwa bega.

Dhahabu alitupigia sonara, Mhindi wa mjini, mpaka ikawa kama ganda la kitunguu. Nilipoenda kuichukua alinitazama viatu, akanitazama uso.

"Ya bibi arusi?"

"Ya pipa, mzee."

"Ya pipa!" Akamgeukia mkewe, wakacheka wote wawili. "Kitale hii wazimu wanaongezeka, na mimi nashukuru, wote wananunua kwangu."

Daktari alisema dhahabu ni shahidi. Njaa yake kwa nyutroni inajulikana tangu zamani, kwa hiyo ukiwaweka wawili kwenye maji yale yale, kwa muda ule ule, unawalinganisha. Tulivitumbukiza jioni na kuvitoa asubuhi. Kisha Daktari alikiingiza kimoja kimoja kwenye kijumba cha matofali ya risasi, ile metali nzito ya kijivu, ambamo mashine yake ilikaa, na mashine ikaanza kulia, tik, tik-tik, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Chuma kilichoshika nyutroni nyingi ndicho kilichopiga kelele nyingi.

Kazi yangu mimi ilikuwa maji. Ndani ya pipa Daktari alipaka mstari mwekundu. "Yasishuke chini ya hapa," alisema. "Yakishuka, kuku hawachoki, na kipimo changu ni takataka. Na pia maji ndiyo ukuta wetu. Usisahau hapo. Ukuta wetu."

Mimi moyoni niliamini risasi. Tofali moja la risasi unalibeba kwa mikono miwili ukikunja uso. Kitu kizito namna ile kinawezaje kushindwa na maji ya mto? Nikipumzika nilienda kukaa nyuma ya matofali. Daktari aliniona, akatema ganda la karanga.

"Risasi kwa nyutroni ni wavu wa samaki kwa siafu. Kaa mbali na pipa, basi. Hiyo ndiyo dawa."

Nakubali, aliniambia. Mimi aliniambia.

Sasa mama mkwe. Alikuja kutoka Bungoma kiangazi kile kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu, na dada yake alikaa kwenye hiyo ploti ya nyuma ya ghala. Kwangu asingeweza kulala. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hampeani mkono, hamli pamoja, ukimwona njiani unaacha njia. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ina mlango wake: unapeleka mbuzi na blanketi, wazee wanasema maneno, na kuanzia hapo mnaweza kuamkuana kama watu. Wengi huufungua mlango huo mapema. Mimi mbuzi wangu alikuwa wa mwakani, na mwakani ikifika, alikuwa wa mwakani.

Maji yalianza kushuka. Naacha yako kwenye mstari, narudi nayakuta chini yake. Nilifikiri pipa linavuja, nikalizunguka kwa magoti na kipande cha sabuni, nikipaka kila mshono. Halikuvuja. Nikaongeza safari za mtoni, mitungi ikining'inia pande zote za baiskeli, nikitukana mlima kwa Kibukusu.

Mchana mmoja narudi, nikaona mlango wa mabati unafunguka na mama mkwe anatoka, ndoo kichwani, maji yakimdondoka mabegani. Mlango haukuwa na kufuli. Daktari alikuwa ameahidi kufuli.

Nilifanya nini? Nilifanya nilivyofundishwa. Niliiangusha baiskeli, nikajitupa kwenye mabua makavu ya mahindi na kukaa nimeupa mgongo ulimwengu. Nyuma yangu nilisikia naye akiharakisha, amevuta leso usoni bila shaka, akipenya kwenye pengo la uzio. Wote wawili tulifanya adabu kabisa. Hata mama yangu mzazi angejivuna. Na mitungi yangu iliyoanguka ilikuwa inamwaga maji mchangani, kububu, kububu, nami sigeuki.

Jioni nilimwambia mke wangu.

"Mwambie mama asichote kwenye lile pipa."

Aliacha kukoroga. "Nimwambie mayi, mama yangu, ati anaiba maji?"

"Sijasema anaiba. Lile pipa lina kitu."

"Kitu gani?"

Hapo nikaanza habari ya kuku, na nikaona macho yake yanacheka. "Baba watoto, kuku ndani ya maji? Ni bata hao."

"Mwambie tu. Mwambie ni hatari."

Lakini neno la mkwe kwa mama mkwe halifiki jinsi lilivyotoka. Linapitia kwa binti, na binti analiosha njiani. Neno *hatari* lilitoka kwangu, kule likafika *ati maji yale si safi sana*. Jibu likarudi, nalo limeoshwa: mama anashukuru kwa kumjali, anayachemsha.

Ningeenda kwa dada yake. Ningemwambia mwenye ploti, au mchungaji. Najua. Nimeyarudia hayo miaka mingi, na kila nikiyarudia njia zinaongezeka. Siku zile niliona moja tu: kujaza pipa haraka kuliko linavyochotwa. Nikawa nakimbizana na ndoo ya mama mkwe wangu.

Daktari naye alianza kukunja uso. Dhahabu ilikuwa inalia kwa uvivu, tungsteni vivyo hivyo, leo hivi, kesho vile. Alimpelekea sonara lile jani alisugue kwenye jiwe lake, labda limebadilishwa. Dhahabu ikawa dhahabu. Akarudi, akasimama mbele ya pipa, akanigeukia.

"Hizi nyutroni hazichoki. Maji yalikuwa wapi jana?"

Ningesema nini? Niseme ni mama mkwe? Kumtaja mama ya mke wako kama mwizi wa maji mbele ya mwajiri?

"Jua, Daktari."

Aliinua macho. Juu yetu kulikuwa na paa zima la mabati, hakuna mwale hata mmoja unaoingia. Akatafuna karanga, akanitazama tena, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Hili jua ni kali, bana," akasema.

Alijua. Hapo ndipo namshika Daktari, na simwachii. Alijua kuna mkono wa mtu. Lakini kile kidude kilikuwa cha kuazima, mwenyewe aliyemwazima alikuwa anakitaka, na Daktari alitaka kumaliza kipimo chake. Mtu anayetaka kumaliza haulizi swali la pili. "Kesho naleta kufuli," akasema. Kesho yake alileta karanga.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, nzi hata hawakuruka. Nilikuwa nimechelewa mtoni kwa sababu ya foleni. Nikaegesha baiskeli, nikaingia kibandani na mtungi begani, na nikamkuta mama mkwe.

Maji yalikuwa yameshuka sana, ndoo haifiki. Kwa hiyo alikuwa amepanda juu ya tofali la risasi, amelilalia pipa kwa tumbo, kichwa na mkono viko ndani, anachota kwa kikombe. Nilikohoa. Kikohozi ndiyo hodi yetu sisi wakwe. Ukikohoa, unampa mwenzako nafasi ya kujificha.

Naye akajificha. Pahali pa kukimbilia hapakuwapo, mlangoni nimesimama mimi. Kwa hiyo alibaki humo humo. Alizamisha uso ndani ya pipa na kutulia, akinisubiri niende zangu kwa heshima. Bomba lile la kidude lilikuwa karibu na shavu lake. Maji hayakulifunika.

Nikatoka. Nilitoka nje, ndiyo, nikasimama kando ya mlango ili apite. Nikakohoa tena kumjulisha nimetoka. Lakini kutoka ndani ya bati huwezi kujua kikohozi kimetokea wapi, na yeye akadhani bado nipo, akaendelea kukaa. Mimi nikamngoja atoke. Yeye akaningoja niondoke. Tuliheshimiana hivyo, sijui kwa muda gani. Kwa muda huo mbuzi angechunwa akaisha.

Kisha nikaingia na kupiga kelele. Sikuwahi kupiga kelele namna ile, hata kwa ng'ombe.

"Mama! Toka humo! Toka!"

Kikombe kilianguka ndani. Aliinuka kitambaa kimemtoka, nywele zake nyeupe nje, uso umelowa, na tukatazamana. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona mama mkwe wangu uso. Alifanana na mke wangu sana. Akafunika kichwa kwa viganja, akanipita, akaacha ndoo. Kesho yake alirudi Bungoma na gari la asubuhi.

Mke wangu alinisemesha akiwa amenipa mgongo. "Ulimpigia mama yangu makelele kama mlevi sokoni. Na ukamwona kichwa wazi."

"Ningefanya nini?"

"Sijui. Wewe ndio mwenye kuku."

Nilimweleza Daktari kwamba kuna mtu alikuwa anachota, na ameinamia pipa. Karanga zilimdondoka. Aliniuliza mtu huyo alikaa karibu kiasi gani, mara ngapi, kwa muda gani, na sikuwa na jibu hata la moja. Akakaa kwenye gunia la mahindi. Akaandika, akafuta.

"Ni kidude kidogo," alisema mwishowe. "Pengine si kitu."

Pengine. Nimeishi na neno hilo kama mtu anayeishi na mpangaji asiyehama.

Kufuli lilipatikana jioni hiyo hiyo. Nikajaza pipa mpaka kwenye mstari, kipimo kikarudiwa, na safari hii vyote viwili vililia bila kusitasita. Daktari alifurahi mpaka akanishika mkono. Akaniambia tungsteni ni mshikaji mzuri, lakini dhahabu inamshinda mbali. Nilisema vizuri. Baadaye walirudisha kidude kwa mwenyewe, Daktari akahamia Nairobi, kile kibanda kikawekwa mbolea.

Mbuzi wa fidia nilimpeleka Bungoma upesi, yule yule aliyenishinda miaka yote. Wazee walimpokea. Mama mkwe hakutoka jikoni. Walisema ni mapema, moyo wake bado, na lile blanketi likapokelewa na shangazi. Nikarudi na baiskeli ya kukodi mpaka stendi, yule kijana akiniuliza, "Mzee, harusi ilikuwaje?"

Miaka michache ikapita, ndipo mama mkwe akaanza kuchoka. Damu puani, michubuko ambayo hakujua imetoka wapi, kupanda ngazi ya kanisa ni lazima akae. Hospitali walisema damu yake haijitengenezi vizuri. Nilimvizia daktari, huyu sasa wa sindano, nikamwambia habari ya pipa yote, na kuku. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Aliniuliza kidude kilikuwa na nguvu kiasi gani. Nikamwonyesha kidole gumba.

"Mzee, hiyo hainiambii kitu," alisema. "Huenda ndiyo. Wengi wa umri wake wanaugua hivi na hawajawahi kuona pipa lolote. Sasa hivi hakuna wa kukupimia hilo."

Chuma kilipimwa. Kililazwa kwenye maji, kikatolewa, kikawekwa kijumbani, na shahidi wa dhahabu pembeni. Mama mkwe hakupimwa na mtu yeyote.

Na mimi? Mimi niliinamia pipa lile asubuhi na jioni, nikitoa kikopo, nikijaza maji. Mimi ndiye ningepaswa kutoka damu puani. Nipo. Nakula, nalima, nikipiga chafya mbwa wa jirani wanabweka. Mke wangu wakati mwingine ananitazama nikila, nami naona aibu ya kumeza.

Siku za mwisho mwisho mama mkwe aliniita. Nilienda Bungoma nikakuta wameniwekea kiti nje, kwenye ukuta wa udongo, chini ya dirisha la chumba chake. Yeye ndani, mimi nje, ukuta katikati. Mlango bado haukuwa umefunguliwa, lakini dirisha ni dirisha. Nikakohoa.

"Nimesikia," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ndani yake kulikuwa na kicheko. "Wewe na kikohozi chako."

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Siku ile ulinipigia kelele. Masikio yalilia mpaka Bungoma."

"Nisamehe, mama."

"Nimeambiwa yale maji yalikuwa na nini. Binti yako mkubwa amesoma, ameniambia vizuri, hakuyaosha maneno." Alivuta pumzi. Nilisikia kuku wakichakura nyuma ya nyumba. "Wewe ulijua toka ile siku uliangusha baiskeli kwa mahindi?"

"Nilijua, mama."

"Na bado ukakaa kwa mahindi."

"Nilikuheshimu."

"Eeh. Uliniheshimu." Kitanda kikalia akigeuka. "Sasa mkwe, kama kelele ulikuwa nayo, si ungenipigia siku hiyo?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na yule wa Kizungu chake, na mwenye ghala na mnyororo wake, na Daktari na karanga zake. Nimewabeba hawa watu kutoka Kitale mpaka pale ukutani, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Nilikaa na kiganja kwenye udongo. Ulikuwa na joto la jua. Ndani alikuja mtu kumpa maji, nikasikia kikombe kikigonga meno yake.

Mke wangu alinikuta njiani nikielekea kwenye gari.

"Mama amesema nini?"

"Ati nikusalimie," nikamwambia.